AFYA: Maumivu ya goti si sababu ya kuketi kitako

KATIKA vyumba vya kungojea daktari, ni nadra kukosa mtu aliyeweka kiganja juu ya goti. Huenda akawa mkulima aliyeshindwa kuchutama apalilie maharagwe, mwalimu mstaafu anayepumzika mara mbili kabla ya kufika ghorofa ya tatu anakoishi, au kijana aliyeumia uwanjani akicheza kandanda. Wengi wao wana jambo moja linalowaunganisha: tangu goti lilipoanza kuuma, wamepunguza mwendo.

Hatua hiyo huonekana kuwa ya busara, kwa kuwa kinachouma hupumzishwa. Jeraha jipya kwa kweli huhitaji kupumzishwa siku chache. Hata hivyo, maumivu yanayodumu kwa miezi au miaka ni jambo jingine kabisa. Mtu aliyeacha kwenda sokoni kwa miguu mwaka huu, mwaka ujao huona taabu kuinuka kitini bila kushikwa mkono, na mwaka unaofuata huogopa hata kwenda msalani usiku peke yake. Goti lenyewe huenda lisiwe limebadilika sana katika muda huo. Kilichobadilika ni misuli, uzani na ujasiri wake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 ulimwenguni walikuwa na osteoathritisi, yaani ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo. Goti ndilo kiungo kilichoathirika zaidi, likiwa na wagonjwa milioni 365. Asilimia 60 ya wenye ugonjwa huo ni wanawake.

Goti hulishwa na mwendo

Goti ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Hukutanisha mfupa wa paja na muundi, na mbele yake hukaa pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, tishu laini na telezi inayozuia mifupa kusuguana. Katikati mna vipande viwili zaidi vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo hupokea mshindo wa kila hatua. Kano nne zenye nguvu hulishikilia goti lisiyumbe mbele, nyuma wala kando. Lakini mlinzi mkuu wa goti hayumo ndani ya goti. Mlinzi huyo ni misuli, hasa ule mkubwa wa mbele ya paja, ukisaidiwa na misuli ya nyuma ya paja, ya makalio na ya shavu la mguu. Misuli hiyo ikiwa imara, hupunguza kishindo cha hatua kabla hakijafika kwenye gegedu. Ikilegea, goti hubeba mzigo wote.

Gegedu halina mishipa ya damu. Lishe yake hutokana na ute uliomo ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka kadiri gegedu linavyobanwa na kuachiliwa, mfano wa sifongo linalominywa ndani ya maji. Kila hatua ni mminyo mmoja. Mtu anayeshinda kitini kutwa hulinyima gegedu lake chakula hicho, na ndiyo sababu goti huwa gumu zaidi asubuhi au baada ya safari ndefu ya matatu, kisha likalainika mtu anapotembea hatua chache.

Inafaa kutaja hapa imani iliyoenea kwamba "mafuta ya goti yamekwisha". Mwenye goti linalotoa mlio huambiwa anywe supu ya mifupa au ale bamia kwa wingi ili mafuta yarudi. Supu ni tamu na bamia ni mboga nzuri, ila hakuna mfereji unaotoka tumboni ukaenda gotini. Ute wa goti hutengenezwa na utando uliomo ndani ya kiungo chenyewe. Isitoshe, goti lililochakaa mara nyingi huwa na ute mwingi kupita kiasi, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kuvimba kwake. Mlio nao, usipoandamana na maumivu wala uvimbe, hauashirii ugonjwa.

Vyanzo vya maumivu ni vingi. Kwa watu waliopita umri wa miaka 50, uchakavu ndio unaoongoza, na huchochewa na uzani mkubwa, jeraha la zamani, nasaba, na kazi za kupiga magoti au kuchutama kwa miaka mingi. Vijana, hasa wasichana na wanamichezo, hupatwa zaidi na maumivu yanayozunguka pia ya goti, ambayo huzidi wanaposhuka ngazi au wanapoketi muda mrefu huku wamekunja miguu. Wapo wenye baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo, na wapo wenye jongo linalotokana na kurundikana kwa asidi ya mkojo. Hawa wa mwisho huhitaji dawa maalumu kwanza, ingawa nao mazoezi huwafaa pindi uvimbe unapotulizwa.

Picha ya eksirei huwatia watu wengi hofu isiyostahili. Wapo ambao picha zao huonyesha uchakavu mkubwa ilhali hawasikii maumivu yoyote, na wapo wanaougua sana ilhali picha zao ni karibu safi. Kwa hivyo mgonjwa anapoambiwa kwa mkato kwamba "goti lako limekwisha" au kwamba "mifupa inasagana", maneno hayo humdhuru. Hurudi nyumbani akiamini kwamba kila hatua humsaga zaidi, na huacha kutembea. Huenda hilo likawa jambo baya kuliko yote aliyopata hospitalini siku hiyo.

Yaliyoonekana katika utafiti

Hofu ya kwamba mazoezi humaliza goti imechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1997 jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliohusisha watu 439 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wote wakiwa na uchakavu wa goti. Kundi moja lilitembea, la pili likafanya mazoezi ya kuimarisha misuli, na la tatu likapewa mafunzo ya afya tu. Baada ya miezi 18, makundi mawili ya mazoezi yalikuwa na maumivu machache na uwezo bora wa kufanya shughuli za kila siku. Nafuu hiyo haikuwa ya miujiza. Muhimu zaidi ni kwamba picha za eksirei hazikuonyesha magoti yao kuchakaa kuliko ya wale ambao hawakufanya mazoezi.

Tiba zinazoonekana kuwa za kisasa zaidi hazijafua dafu kila mara. Mwaka 2002 madaktari mjini Houston, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 180 wenye uchakavu wa goti. Baadhi yao walifanyiwa upasuaji wa kupenyeza kamera ndogo gotini ili kuosha na kukwangua sehemu zilizoharibika. Wengine walichanjwa ngozi tu, wakashonwa, bila chochote kufanywa ndani, na hawakujua tofauti hiyo. Katika miaka miwili iliyofuata, waliofanyiwa upasuaji wa kweli hawakupata nafuu kuliko wale waliochanjwa ngozi. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa kimataifa lilishauri katika jarida la BMJ kwamba upasuaji wa aina hiyo usitumiwe kwa takriban wagonjwa wote wa uchakavu wa goti.

Sindano ya steroidi hutuliza maumivu kwa majuma machache, na kwa mtu aliyezidiwa huenda ikamfungulia mlango wa kuanza mazoezi. Lakini utafiti wa wagonjwa 156 uliochapishwa mwaka 2020 ulibaini kwamba baada ya mwaka mmoja, waliopata tiba ya viungo walikuwa na maumivu machache na uwezo zaidi kuliko waliodungwa sindano. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, ambapo watu 140 walidungwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, ulionyesha kwamba waliopewa steroidi walipoteza gegedu zaidi kuliko waliodungwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakutofautiana.

Haki ya upasuaji wa kuwekewa goti la bandia nayo isifichwe. Mgonjwa ambaye goti lake limeharibika kabisa, asiyelala usiku, hufaidika nao sana. Jaribio la wagonjwa 100 nchini Denmark, lililotangazwa mwaka 2015, lilionyesha kwamba waliobadilishiwa goti walipata nafuu kubwa kuliko waliotibiwa kwa mazoezi, ushauri wa lishe na dawa peke yake. Walipata pia madhara makubwa mara nyingi zaidi. Na miongoni mwa wale ambao hawakupasuliwa, ni takriban robo tu walioamua kufanyiwa upasuaji kabla ya mwaka kwisha. Kwa mgonjwa anayepimia gharama ya upasuaji huo dhidi ya karo ya watoto au kipande cha shamba, hizo robo tatu zilizobaki si jambo dogo.

Kiasi gani cha maumivu kinavumilika?

Hili ndilo swali ambalo humkwamisha mgonjwa, na wengi hawalijibiwi. Huambiwa "fanya mazoezi", wakajaribu, goti likauma, wakaacha.

Wataalamu wa tiba ya viungo hutumia kipimo chepesi. Mgonjwa hukadiria maumivu yake kwa nambari, 0 ikiwa hamna maumivu kabisa na 10 ikiwa ni maumivu yasiyoweza kuvumilika. Maumivu yasiyozidi 2 wakati wa mazoezi ni salama. Kufikia 5 huweza kukubalika, almuradi yapungue baada ya mazoezi na yawe yamerudi katika hali ya kawaida katika muda wa saa 24. Yakipita hapo, au goti likiamka limevimba, siku inayofuata mtu hapaswi kuacha mazoezi bali kuyapunguza: hatua fupi zaidi, idadi ndogo zaidi, kiti kirefu zaidi. Kanuni hii hutumiwa katika mpango uitwao GLA:D, ulioanzishwa Denmark mwaka 2013 na kuenea katika mataifa kadhaa, ambapo wagonjwa hufundishwa kuhusu ugonjwa wao kisha hufanya mazoezi mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita, wakisimamiwa.

Aidha, subira inahitajika. Misuli haijengeki kwa siku tatu. Mara nyingi huchukua wiki sita hadi 12 kabla ya mtu kuhisi tofauti ya kweli, na wiki mbili za kwanza huenda zikawa ngumu kuliko zile zilizotangulia.

Mazoezi yasiyohitaji ukumbi

Asiyeweza kabisa kukunja goti kwa maumivu anaweza kuanzia kitandani. Hunyosha mguu, huweka taulo iliyokunjwa chini ya goti, kisha hukaza msuli wa mbele ya paja kana kwamba anaiponda taulo hiyo. Hukaza kwa sekunde 5, akalegeza, na kurudia mara 10. Hakuna kiungo kinachosogea hapa, hivyo hata goti bovu sana huvumilia. Zoezi hili likizoeleka, hulala chali huku amekunja mguu mmoja, akainua ule mwingine ulionyooka hadi kimo cha goti lililokunjwa, akaushusha polepole. Kushusha ndiko kwenye faida. Anayeuachia mguu uanguke amejidhulumu.

Kisha lipo zoezi la kuinuka kitini, ambalo ndilo mama wa yote. Mtu huketi kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani kisiteleze, miguu ikiwa imepangana upana wa mabega na nyayo zikiwa nyuma kidogo ya magoti. Huinamisha kifua mbele, akasimama bila kujivuta kwa mikono, kisha huketi tena taratibu akihesabu hadi tatu. Asiyeweza hujisaidia kwa mikono au huongeza mto juu ya kiti ili kiwe kirefu. Mara 8 hadi 12, akapumzika, akarudia, hutosha kwa kuanzia. Magoti yaelekee zilikoelekea vidole vya miguu. Yakikutana katikati, misuli ya nyonga ni dhaifu na inahitaji kushughulikiwa.

Misuli hiyo ya nyonga na makalio husahauliwa mno, na huu ndio upungufu mkubwa wa mazoezi ambayo watu hujifunza kwa majirani. Ni rahisi kuifanyia kazi. Mgonjwa hulala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa sakafuni, akainua makalio hadi mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, akakaa hapo sekunde chache. Au husimama akishikilia meza au sinki la jikoni, akainua mguu mmoja kando bila kuinamisha kiwiliwili. Papo hapo akishikilia meza anaweza kusimama kwa ncha za vidole ili kuimarisha mashavu ya miguu. Hayo yote hufanyika sufuria ikiwa jikoni.

Anayeendelea vyema huhamia kwenye kidato cha ngazi. Hupanda kidato kimoja kwa mguu unaouma, akashuka, akapanda tena. Mazoezi ya kuimarisha misuli yafanywe siku mbili au tatu kwa wiki, kukiwa na siku ya mapumziko katikati. Kukunja na kukunjua goti, bila uzito wowote, kunaweza kufanywa kila siku, hata mara kadhaa.

Kutembea, kuendesha, kuogelea, kukimbia

WHO ilipendekeza katika mwongozo wake wa mwaka 2020 kwamba watu wazima, wakiwemo wenye maradhi ya kudumu, wafanye shughuli za kuchangamsha mwili kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mwenye goti bovu asitishwe na hesabu hiyo. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni, mahali tambarare, ni mwanzo halali, na mwongozo huohuo unasema kwamba kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Vijia vya msitu wa Karura jijini Nairobi ni laini kuliko lami, lakini si kila mtu anaishi karibu na msitu; uwanja wa shule ya kijijini baada ya masomo hutosha.

Baiskeli ni rafiki mkubwa wa goti, kwa sababu mwili hubebwa na kiti. Kiti hicho sharti kiwe juu kiasi cha mguu kukaribia kunyooka pedali inapofika chini. Kiti kikiwa chini mno, kama ilivyo kwa baiskeli nyingi za kuazima, pia ya goti hukandamizwa na maumivu huongezeka.

Maji nayo hupunguza uzani. Mtu aliyesimama majini hadi kifuani hubebwa na maji sehemu kubwa ya uzani wake, na huko anaweza kutembea mwendo ambao nchi kavu ungemtoa machozi. Wakazi wa Pwani wamejaliwa bwawa lisilolipiwa. Bahari inapotulia, kutembea ndani ya maji yanayofika kiunoni ni zoezi kamili, na asiyejua kuogelea hahitaji kujifunza ila asiende peke yake. Mchanga mkavu na ule wenye mteremko, hata hivyo, humyumbisha mtu na unafaa kuepukwa. Mchanga mnyevu ulio tambarare ni bora.

Kuhusu kukimbia, Mkenya yeyote angetaka kujua. Je, mbio humaliza magoti? Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha makundi matatu. Uchakavu wa goti au nyonga ulipatikana kwa asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wanariadha wa mashindano. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba mbio hukinga, kwa maana huenda wenye magoti mazuri ndio huchagua kukimbia. Lakini zinatosha kuondoa dhana kwamba kukimbia kwa kiasi ni kujiangamiza.

Bingwa wa mbio za mita 800, David Rudisha, ni mfano unaojulikana. Mwaka mmoja baada ya kuweka rekodi ya dunia ya dakika 1:40.91 katika Michezo ya Olimpiki ya London 2012, jeraha la goti lilimfungia nje ya mashindano ya dunia ya Moscow. Alifanyiwa upasuaji, akarejea mazoezini mwaka 2014, akatwaa dhahabu ya dunia Beijing mwaka 2015 na ya Olimpiki Rio de Janeiro mwaka 2016. Bila shaka alikuwa na umri mdogo na wataalamu waliomzunguka. Mtu wa miaka 58 mwenye uchakavu wa goti hahitaji kumwiga kwa kasi, ila hata bingwa huyo hakurudi uwanjani kwa siku moja.

Uzani na mambo ya nyumbani

Kwa mtu mnene, hakuna dawa ya dukani inayofanana na kupungua. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2005 kwamba kila kilo moja ya mwili inayopunguzwa hupunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Aliyepungua kilo 5 amelitua goti kilo 20, uzito wa mtungi mzima wa maji wa lita 20, katika kila hatua ya siku nzima. Utafiti wa mwaka 2013 uliofuatilia watu 454 kwa miezi 18 ulibaini kwamba waliounganisha lishe na mazoezi walikuwa na maumivu machache kuliko waliotegemea jambo moja pekee. Chai yenye sukari vijiko vitatu, mara nne kwa siku, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kazi za mashambani haziwezi kuahirishwa hadi goti lipone. Zinaweza kubadilishwa namna zinavyofanywa. Jembe lenye mpini mrefu humwondolea mtu haja ya kuchutama, na kigoda humwezesha kupalilia akiwa ameketi. Maji ya lita 20 yagawanywe katika mitungi miwili ya lita 10, moja kila mkono, au yasukumwe kwa toroli. Aliyezoea kulima kutwa nzima Jumamosi kisha kulala Jumapili yote kwa maumivu angefaa kugawa kazi hiyo katika siku nne. Choo cha shimo ni mtihani mkubwa kwa wengi. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, na nguzo imara ya kushika ukutani. Ni gharama ndogo inayomrudishia mzee staha yake.

Waumini nao huteseka kimyakimya. Katika Uislamu, mgonjwa asiyeweza kusujudu ameruhusiwa kuswali akiwa ameketi, na makanisani anayeumwa goti anaweza kubaki ameketi wenzake wanapopiga magoti.

Ngazini kuna kanuni nyepesi kukumbuka: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu unaouma hutangulia. Mkongojo nao wengi huushika upande usiofaa. Hushikwa kwa mkono ulio kinyume na goti linalouma, ukatua chini pamoja na mguu huo mbovu. Viatu viwe vya kisigino kifupi, vyenye soli laini na vinavyoshika mguu; ndara ni za bafuni.

Dawa, na wakati wa kumwona daktari

Ni kawaida kununua diclofenac au ibuprofen dukani bila cheti, na kumeza kila siku kwa miezi. Dawa hizo hutuliza kweli, lakini huweza kusababisha vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa wazee na wenye kisukari. Diclofenac ya kupaka juu ya goti hufanya kazi kwa watu wengi huku kiasi kidogo tu kikiingia katika damu, na inafaa kujaribiwa kwanza. Vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa kwa bei ghali, vilipojaribiwa kwa watu 1,583 katika utafiti uliotangazwa mwaka 2006, kwa jumla havikushinda vidonge visivyo na dawa.

Hospitali nyingi za kaunti zina idara ya tiba ya viungo, ambayo wagonjwa wengi hupita mlangoni pake wakielekea kuchukua dawa. Hata ziara mbili au tatu husaidia, kwani mtaalamu humwona mtu akitembea na kumsahihisha makosa ambayo mwenyewe hawezi kuyaona. Mgonjwa aende na dawa zote anazotumia, na avae nguo inayoweza kupandishwa juu ya goti.

Kuna hali ambazo mazoezi hungojea. Goti lililovimba ghafla, likawa jekundu na lenye joto, hasa mtu akiwa na homa, huenda limeingiwa na viini, na hilo ni la kupelekwa hospitalini siku hiyohiyo. Vivyo hivyo goti lililoumia katika ajali au mchezo hata mtu akashindwa kulikanyagia, lililopinda umbo, au lililokwama lisikunjike wala kunyooka. Shavu la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, huenda damu imeganda katika mshipa, na kulikanda kwa nguvu ni hatari. Mtoto anayechechemea na kulalamikia goti bila kuumia popote achunguzwe nyonga pia, kwa kuwa ugonjwa wa nyonga za watoto mara nyingi huuma gotini.